Namba Tasa Ndani ya Mchemraba: Msamiati wa Darasani na Filamu ya Kutisha

Mwaka 1997 ilitolewa nchini Kanada filamu ya kutisha ya bunilizi ya kisayansi iitwayo Cube, iliyoongozwa na Vincenzo Natali. Watu wasiofahamiana wanazinduka ndani ya vyumba vya umbo moja. Kila chumba kina mlango katika kila ukuta, sakafuni na darini, na baadhi yake vimetegwa mitego ya kuua. Hawajui aliyewafungia wala sababu yake. Gharama ya filamu ilikuwa takriban dola 350,000 za Kanada, kiasi kidogo mno kwa sinema. Kwa hiyo kilijengwa chumba kimoja kizima na kipande cha kingine, rangi za kuta zikawa zinabadilishwa ili mtazamaji aamini kwamba vyumba ni maelfu. Katika hadithi idadi yake ni 17,576, yaani 26 kwa kipeo cha tatu.

Mwanaisimu anayo sababu ya kuitazama filamu hii, kwani humo uhai wa mtu unategemea istilahi. Milangoni mwa vyumba mmeandikwa namba. Msichana Leaven, mwanafunzi wa hisabati, anadhani kwamba chumba chenye namba tasa ndicho chenye mtego. Baadaye inadhihirika kwamba kanuni hiyo haitoshi: hata kipeo cha namba tasa ni hatari. Namba 343 si tasa, bali ni 7 kwa kipeo cha tatu. Anayeiamini kwa kuwa inagawanyika anaingia mtegoni. Hapo ndipo anapohitajika Kazan, mtu aliyedharauliwa na wenzake, mwenye kipaji cha kuhesabu vigawo tasa kichwani.

Sehemu hiyo yote ya kisa mwanafunzi wa shule ya msingi wa Kinampanda, wilayani Iramba, anaweza kuisimulia bila kuazima neno la Kiingereza. Mchemraba, namba tasa, kigawo, kipeo: haya ameyakuta daftarini.

Uwezo huo haukushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1967, mwaka wa Elimu ya Kujitegemea na wa Sheria Na. 27 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Hisabati ilihitaji maneno kwa haraka, nayo hayakupatikana kwa njia moja. Shufwa na witiri yana asili ya Kiarabu, na watu wa pwani walikwisha kulizoea la pili katika sala ya witri. Mraba nalo ni la Kiarabu. Lakini mchemraba ni mwambatano wa mche na mraba, na mche huo hauko mbali na mche wa sabuni unaokatwa vipande dukani.

Tasa ndilo linalostaajabisha zaidi. Kiarabu na Kiingereza huiita namba hiyo kwa wazo la kuwa ya kwanza. Kiswahili kikaitazama kama mnyama asiyezaa. Sitiari hiyo, ikichunguzwa sana, imepinda kidogo, maana kwa kuzidishwa namba tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote zinazozidi moja. Hata hivyo neno limekubalika, kwa sababu mfugaji wa Iramba hahitaji kuelezwa maana ya tasa.

Watoto wengi wa huko walianza na Kinyiramba nyumbani. Istilahi hizi walizipokea kwa mwalimu, si kwa mama. Chuo cha Ualimu Kinampanda, chenye asili katika kazi ya misioni ya Kilutheri, ni miongoni mwa vyuo vilivyowaandaa walimu wa aina hiyo. Historia za Kiswahili sanifu huandika sana juu ya kamati na kamusi, na kidogo mno juu ya mtu aliyesimama mbele ya ubao.

Mrithi wake asiyetarajiwa ni msimulizi wa filamu. Katika vibanda vya video Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizitia filamu za kigeni sauti ya Kiswahili, akifafanua na kuongeza pale alipoona panafaa. Msimulizi wa namna hiyo akipewa Cube atakutana kwanza na majina. Quentin, Holloway, Rennes, Kazan, Alderson, na Leaven akiunganishwa na Worth, yote ni majina ya magereza au ya miji yenye magereza. Akiwaita Isanga, Butimba na Ukonga, fumbo litafumbuka papo hapo, pengine mapema kuliko alivyotaka mwandishi.

Ugumu hasa uko mbele zaidi. Vyumba vinahama, na namba zinaonyesha mahali pa kila chumba kwa kubadilishana nafasi kwa kanuni. Hesabu hiyo iko juu ya shule ya msingi, na huko juu, katika sekondari, lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Msimulizi aliyefika mpaka hapo kwa maneno ya darasani hubaki kusema kwamba vyumba vinazungukazunguka; msikilizaji hupata mwendo, asiipate kanuni ambayo Leaven anaitumia kuutafuta mlango wa kutokea.