Wapelelezi wenza

Kwa Kiingereza, buddy cop ni aina ya filamu au hadithi ambamo watu wawili wasiopatana kwa tabia wanajikuta na kesi moja mikononi. Mabishano yao ndiyo yanayochekesha, na tofauti zao ndizo zinazofumbua kesi, kwa kuwa analokosa mmoja mwenzake analo. Umbo hili lilishika kasi Hollywood miaka ya 1980, kwa filamu kama 48 Hrs. (1982) na Lethal Weapon (1987). Mwaka 2016 Zootopia ililihamishia kwa wanyama: sungura askari na mbweha tapeli wakiwatafuta wanyama waliotoweka mjini.

Wengi wangeiita kwa Kiswahili "askari marafiki". Jina hilo linaimaliza hadithi kabla haijaanza, maana urafiki huja mwishoni, baada ya ugomvi mwingi. Tena, mara nyingi mmoja wao si askari: katika 48 Hrs. ni mfungwa. Napendekeza wapelelezi wenza. Mgombea mwenza hushiriki safari moja na mwenzake. Mke mwenza hushiriki nyumba moja na hushindana humo humo. Ushirika na ushindani vimo katika neno moja, na ndivyo jozi hii inavyoishi.

Wanyama nao wanahitaji kuchaguliwa upya. Zootopia inategemea sifa ya mbweha huko Ulaya na Marekani: ujanja. Katika ngano za Kiswahili mjanja ni sungura. Katika za Kilingala, ni mboloko, paa mdogo wa msituni. Mtoto wa Mangobo, jijini Kisangani, Kongo, anayekua na lugha hizo mbili, akimwona sungura mnyoofu akichezewa akili na mbweha, ataona mambo yamepinduka.

Kwa mwandishi wa Kisangani ningechagua kasuku wa kijivu na kakakuona. Wote wawili hutegwa na kuwindwa katika misitu ya mkoa wa Tshopo, ingawa tangu Januari 2017 mkataba wa CITES unazuia biashara ya kimataifa ya wale waliotolewa porini. Kasuku huiga sauti: atarudia kila njama aliyoisikia sokoni, kwa Kilingala na Kiswahili, ila hajui kunyamaza. Kakakuona haoni vizuri, hutembea usiku akiongozwa na pua, na akishtuka hujikunja kama mpira. Mmoja atapiga kelele wakati wa kujificha, mwingine atajikunja wakati wa kukimbiza. Wapande toleka, yaani baiskeli ya teksi, kasuku akitoa amri juu ya usukani, wawafuate walanguzi wa wanyama mpaka kwenye mitumbwi ya kuvuka mto kwenda Lubunga. Msomaji atacheka, na atajua kwamba wapelelezi hawa wanapigania ngozi na manyoya yao wenyewe.

Jozi ipimwe hivi: ukimwondoa mmoja, kesi ishindikane, ukiondoa ugomvi, kicheko kiishe. Isiyofaulu vipimo hivyo viwili haistahili kuitwa wapelelezi wenza.