Kutoka Juani Hadi Chumba cha Giza

Sir John Herschel, mwanachuoni wa elimu ya nyota wa Uingereza, alipobaini mwaka 1842 kwamba karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, ikianikwa juani kisha ikaoshwa, hutoa picha ya rangi ya buluu, hakuwa na haja ya mtambo wowote, madhali jua lilikuwa bure. Na Anna Atkins, aliyeanza mwaka uliofuata kutoa kitabu chake cha picha za mwani, alitosheka na kioo, karatasi, maji safi na subira ya kungoja mawingu ya kwao yapite.

Njia hiyo ya chuma, na ile ya platinamu ambayo William Willis aliipatia hataza mwaka 1873, na ile ya dikromati na gundi, zote zina tabia moja: hazijali nuru ya taa ya nyumbani, bali hutaka miale ya urujuanimno, tena kwa wingi. Kwa sababu hiyo negativi ndogo haikuzwi kwa kurushwa ukutani, bali negativi iliyo sawa kwa ukubwa na picha hulazwa juu ya karatasi na kubanwa chini ya kioo. Fremu ya kale ya kubania ilikuwa na mgongo wa ubao uliokatwa vipande viwili na kuungwa kwa bawaba, ili mchapaji afungue upande mmoja, aitazame picha imefika wapi, kisha afunge bila negativi kuteleza hata kwa upana wa unywele. Ni kifaa duni kwa sura, walakini sijui tadbiri iliyo bora kuliko hiyo katika sanaa nzima ya kuchapa picha.

Sisi wa pwani, ambao jua hutuchosha, ni vigumu kwetu kuwazia dhiki ya mchapaji wa London wakati wa kipupwe. Ndiyo maana taa za tao la kaboni, na baadaye za mvuke wa zebaki alizozitoa Peter Cooper Hewitt mwaka 1901, zilipokewa kwa furaha. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, platinamu ikatwaliwa kwa kazi za silaha, bei yake ikapaa, na karatasi zilizopakwa viwandani zikaadimika. Aliyeitaka picha ya namna hiyo tangu hapo aghalabu ilimbidi apake mwenyewe, nyumbani.

Mtambo mzito wa kumulikia, hata hivyo, haukuundwa kwa ajili yake. Wapiga chapa wa ofseti ndio waliouhitaji, kwa kuwa mabamba yao nayo hutiwa picha kwa nuru, na kampuni kama NuArc ya Chicago ziliwatengenezea makabati ya chuma yenye taa ya wati 1,000 na zaidi, meza ya kioo, shuka la mpira, na pampu ya kunyonya hewa hata filamu na bamba vigandamane pasipo mwanya. Kompyuta zilipoanza katika miaka ya 1990 kuandika moja kwa moja juu ya bamba, makabati hayo yakakosa kazi, yakauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na wapenzi wa platinamu wakayabeba kwenda majumbani.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba jua lilikuwa jepesi. Transfoma peke yake ni mzigo wa watu wawili; mlango hupimwa kabla ya gari kukodiwa, waya wa umeme huvutwa mbali na nyaya nyingine za nyumba, feni huwekwa kuondoa joto, na macho hukingwa, maana miale hiyo huyaunguza. Taa yenyewe ina kiburi: huchukua dakika kadhaa kufikia nguvu zake, na ikizimwa haiwaki tena mpaka ipoe, kwa hiyo huachwa ikiwaka nyuma ya kifuniko kinachofunguka na kufunga. Wala saa haitoshi kuipima, kwa kuwa umeme hupanda na kushuka na taa huzeeka. Hutumika kipimo kinachohesabu nuru iliyokwisha kufika.

Na shuka la mpira halifunguliwi katikati ya kazi. Mchapaji wa juani alitazama. Huyu wa leo hukisia kwa hesabu, akichapa kwanza kipande cha filamu chenye ngazi za weusi, akiandika nambari daftarini. Kwa picha moja naona hasara hiyo ni kubwa kuliko faida. Kwa kazi kama ya mpiga picha Irving Penn sioni njia nyingine: yeye, tangu miaka ya 1960, aligandisha karatasi yake juu ya bati la alumini ili isitanuke wala kusinyaa majini, akaipaka, akaimulika, akaiosha, akaipaka tena na kuimulika upya, negativi ikirudi kila mara mahali pale pale.