Swali la Lugha ya Kwanza katika Hojaji na Usaili: Historia ya Ukusanyaji wa Data za Lugha Ujiji na Katonga

Mnamo Februari 1858 Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili Ujiji. Speke alizungumza na Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani, naye Bombay akalihamishia swali katika Kiswahili. Kwa mwenyeji asiyejua Kiswahili, alihitajika mkalimani mwingine. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, Burton alilalamika kwamba msailiwa aliyetakiwa kutaja namba katika lugha yake alijibu mengine na kuchoka upesi. Lawama aliitupia akili ya msailiwa. Haikumpitikia kwamba mtu anayehojiwa na mgeni mwenye bunduki, asiyeeleza haja yake, anazo sababu za kukwepa. Kwa mwanahistoria wa mbinu za utafiti, malalamiko hayo yana faida kuliko orodha zake za maneno.

Katika miongo iliyofuata, watu wengi kutoka Manyema, magharibi mwa ziwa, walifika Ujiji. Baadhi kama watumwa, wengine kama wapagazi na wafanyabiashara. Wengi walisilimu, wakajiita waungwana na kukifanya Kiswahili kuwa lugha yao. Kwa hiyo, jibu la "Kiswahili" lilikuwa pia dai la hadhi: muungwana si mtumwa. Mtafiti anayelipokea jibu hilo kama taarifa ya kiisimu tu amepata nusu ya data.

Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila nchini Tanzania. Katika miaka ya 1970 Derek Nurse na Gérard Philippson walikusanya orodha za maneno kutoka lugha nyingi za nchi, na mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapisha atlasi yake. Orodha ya maneno inafaa sana kuonesha udugu wa Kiha na Kirundi. Haioneshi nani anasema lugha ipi, na nani, wala wapi.

Hapo ndipo hojaji ilipoonekana kuwa jawabu, na Katonga, makazi ya wavuvi karibu na mji wa Kigoma, yanadhihirisha upungufu wake. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku kwa taa, nao hupungua mbalamwezi inapowaka. Hojaji zikigawiwa asubuhi wakati wa giza, wanaume wamelala na wanawake wako mchangani wakianika dagaa. Sampuli imekwisha kupinda kabla ya swali la kwanza. Aidha, hojaji inayosomwa kwa sauti kwa mtu asiyesoma si hojaji tena, ingawa tasnifu nyingi huendelea kuiita hivyo.

Tatizo kubwa zaidi ni istilahi "lugha ya mama". Wapo wanaoielewa kuwa lugha aliyoisema mama mzazi. Miongoni mwa Waha, ambao mtoto hufuata ukoo wa baba, mtu anaweza kuandika "Kiha" kwa kuwa ndivyo ukoo ulivyo, hata kama nyumbani husikika Kiswahili kitupu. Usaili unaweza kuligawa swali: bibi alikubembeleza kwa lugha gani? Mkivuta wavu, mnaitana kwa lugha gani? Dagaa wakiuzwa, unahesabu kwa lugha ipi? Majibu yakipingana na yale ya hojaji, yote mawili huandikwa, na lile la ukoo halifutwi.