Mpangilio wa Chini: Istilahi Inayomfaa Anayeongeza Nyumba

Kile ambacho wasanifu majengo hukiita kwa Kiingereza ground floor layout, kwa Kiswahili huitwa ramani ya chini, au ramani tu. Mwenye nyumba akitaka kuongeza vyumba humwambia fundi amtafutie ramani, na fundi humletea karatasi. Hapo uamuzi mzito umekwisha kupita bila kujadiliwa. Jambo linalochaguliwa kabla ya karatasi ni uhusiano wa vyumba: kipi kifuatane na kipi, mlango ufungukie wapi, hewa ipite njia gani. Uhusiano huo unastahili jina lake. Ninapendekeza uitwe mpangilio wa vyumba vya chini, kwa kifupi mpangilio wa chini, na neno ramani libaki jina la mchoro wake. Tofauti hii inamhusu zaidi anayeongeza nyumba, kwa sababu yeye hubadilisha uhusiano ambao tayari watu wanauishi.

Historia ya neno ramani inaonyesha mpaka wake. Vitabu vya mwongozo vya mabaharia wa Bahari ya Hindi viliitwa rahmani, kutokana na neno la Kiajemi rahnama, chenye kuonyesha njia, na ramani yetu inahusishwa na asili hiyo. Tangu huko, basi, kazi ya neno hili ni kuonyesha: pwani ilipo, mpaka unapopita, ukuta utakaposimama. Mpangilio unatokana na kitenzi pangilia, kuweka vitu kwa utaratibu ili kila kimoja kipate nafasi yake kwa kutazama vingine. Ndiyo maana mpangilio mmoja unaweza kuchorwa katika ramani kadhaa, moja ya kipimo cha 1:100 ya kuombea kibali, nyingine ya 1:50 ya kumwongoza fundi. Tena nyumba iliyojengwa bila mchoro wowote haina ramani, lakini mpangilio inao, uwe mzuri au mbaya.

Sehemu ya pili ya istilahi ni hilo neno chini. Wapo wanaotafsiri kwa kusema sakafu ya chini, wengine ghorofa ya chini. Sakafu asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya dari au paa, na katika nyumba za mawe za pwani maana hizo ziliungana, kwani tabaka la chokaa na mawe lililolazwa juu ya boriti lilikuwa dari kwa aliye chini na sakafu kwa aliye juu. Leo sakafu ni pale tunapokanyaga, kwa hiyo mpangilio wa sakafu unaweza kueleweka kuwa ni namna ya kupanga vigae. Ghorofa ya chini inafaa jengo lenye ghorofa, ila haimfai mwenye nyumba ya kawaida isiyo na kitu juu yake isipokuwa bati, na mtu huyo ndiye anayeihitaji istilahi hii mara nyingi zaidi. Neno chini linawatosha wote wawili.

Ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kulibeba wazo hili uko katika nyumba zenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni ina baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba kulia na kushoto, kisha uani penye jiko, stoo na choo. Aliyekulia humo anaujua utaratibu huo bila kuonyeshwa mchoro: mgeni huishia barazani au ukumbini, na kazi za nyumbani hufanyika uani. Lamu, katika nyumba kongwe za mawe, mtu hutoka daka (kibaraza cha mlangoni) akaingia kiwanda (ua wa ndani), akapita misana (vyumba virefu vinavyofuatana), ndipo akafika ndani, na kila hatua inazidi kumweka mbali na macho ya njiani. Daka, kiwanda na ndani ni majina ya nafasi katika mfuatano, na hayasemi chochote kuhusu ukubwa wa chumba. Hiyo ndiyo maana kamili ya mpangilio, nayo ilikuwa na msamiati wake pwani kabla ya mtu yeyote kudaiwa ramani ofisini.

Sasa tuipeleke istilahi kazini. Mwenye nyumba ya namna ya Kariakoo anataka vyumba viwili zaidi upande wa nyuma. Akifikiri kwa ramani atapima kiwanja, aone kuna nafasi, achore vyumba viwili na kuvibandika kwenye ukuta wa nyuma. Akifikiri kwa mpangilio ataanza kuuliza kinachopotea. Vyumba vipya vikiziba mwisho wa ukumbi, upepo uliokuwa ukipita kutoka barazani hadi uani umekatwa, na katika mji wenye joto na unyevu kama Dar es Salaam hasara hiyo itahisiwa kila usiku. Vikiziba dirisha la chumba cha zamani, chumba hicho kimekufa nusu. Kwa kanuni ya makadirio wanayoitumia wasanifu, mwanga wa mchana hufaa hadi umbali wa takriban mara mbili hadi mara mbili na nusu ya kimo cha juu cha dirisha. Dirisha lililofika linta ya mita 2.1 huangaza kama mita 4 hadi 5 hivi, na lililozibwa haliangazi kitu. Paa nalo lina hesabu yake. Bati lenye mteremko wa nyuzi 15 hushuka karibu sentimita 27 kwa kila mita, hivyo ukilirefusha mita 3 kutoka ukuta wenye kimo cha mita 2.7, ukuta mpya utabaki na mita 1.9 tu, chini ya kimo cha mlango wa kawaida. Kwa hesabu hizi huenda vyumba vikahamia ubavuni mwa kiwanja, au vikajengwa ng'ambo ya ua mdogo unaoyaacha madirisha yakipumua. Jiko na bafu vitawekwa karibu na chemba na mabomba yaliyopo, maana maji taka hudai mteremko, na kila mita inayoongezwa hudai uchimbaji zaidi.

Pingamizi la kwanza ni kwamba lugha ni ya wasemaji, nao wamekwisha kulichagua neno ramani. Hoja hii ni nzito, na sipendekezi ramani ifutwe. Halmashauri inayotoa kibali cha ujenzi itaendelea kudai ramani, na ina haki, kwa kuwa inahitaji hati ya kukagua. Lakini wasemaji haohao husema mpangilio wa vyumba wanapoisifu au kuilaumu nyumba. Hakuna anayesema kwamba ramani ya nyumba ile inamnyima faragha. Mazungumzo yameshazitenga maana hizi, na istilahi inapaswa kuyafuata. Pingamizi la pili ni kwamba mpangilio ni neno pana mno, kwa kuwa tuna mpangilio wa kazi na mpangilio wa viti. Upana huo hudhibitiwa na kijalizo: mpangilio wa vyumba haumchanganyi mtu, na mpangilio wa chini ukisemwa katika ujenzi unaeleweka. Kukopa neno la Kiingereza na kulipa tahajia yetu hakutatusaidia, maana tutapata sauti mpya isiyo na kitenzi cha kuizaa wala ndugu wa kuieleza.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maisha. Watu wengi hujenga kadiri fedha inavyopatikana, chumba leo na kingine miaka ijayo, hivyo kuzungumza nao habari za mpangilio kunaonekana ni anasa. Ukweli ni kinyume. Mwenye fedha akikosea hubomoa na kuanza upya, asiye nazo ataishi na kosa lake. Anayejenga kwa awamu ndiye anayehitaji kujua tangu awamu ya kwanza mlango wa awamu ya tatu utapita wapi, ili linta yake iwekwe sasa na pengo lijengwe kwa tofali jepesi la kuja kutolewa. Uamuzi huo hauhitaji karatasi ghali. Unaweza kufanywa kwa kamba na vigingi kiwanjani, familia ikatembea humo na kubishana kabla ya msingi kuchimbwa.

Basi fasili na iwe hivi: mpangilio wa chini ni namna vyumba vilivyo usawa wa ardhi vinavyohusiana kwa milango, njia, mwanga, hewa na mabomba, nayo ramani ya chini ni mchoro unaoonyesha mpangilio huo kwa vipimo. Vyuo vya ufundi vikizifundisha istilahi hizi kwa utaratibu huo, fundi ataanza kazi kwa kumuuliza mteja wake wanaoishi humo ni nani na wanapita wapi, ndipo amuulize anataka vyumba vingapi.