Alama za Mishale Ukambani

Alama za mishale ni chapa za umiliki ambazo Wakamba wa Kitui na Makueni, nchini Kenya, walitia kwenye mishale yao, ili mshale ukiokotwa ujulikane ni wa nani, au walau ni wa mbai (ukoo) gani. Chapa za aina hiyo zilitiwa pia kwenye mizinga ya nyuki na kwa ng'ombe. Afisa wa kikoloni C. W. Hobley aliandika juu ya chapa hizo katika kitabu chake cha mwaka 1910. Msweden Gerhard Lindblom, ambaye toleo kamili la utafiti wake lilitoka Uppsala mwaka 1920, alizama zaidi.

Uchoraji

Mfua chuma alikiponda kigumba (kichwa cha mshale) kikiwa chekundu kwa moto, akakipa makali na ndimi mbili za nyuma, kisha akakiacha kipoe. Alama ilikatwa kwa ncha ya tindo: mistari miwili sambamba, msalaba, pembe, nukta zilizopangwa. Michoro hiyo ni myepesi kwa makusudi, kwa kuwa bapa la chuma halizidi upana wa kidole na mkato wa kina hulidhoofisha. Kwenye mti wa mzinga nafasi ilikuwa tele, na huko alama ilichongwa kwa kisu au kuchomwa kwa chuma cha moto.

Zamani chuma kiliyeyushwa kutoka mchanga mweusi wa mitoni. Baadaye msumari wa inchi 6 ukachukua nafasi yake, na kazi ikawa rahisi mno.

Sumu na haki ya windo

Katika uwindaji ndipo alama ilipolipa. Sumu ya Wakamba, ivai, hupikwa kutokana na mti wa msunguti hadi iwe nzito kama lami. Kiini chake, ouabaini, husimamisha moyo. Hupakwa shingoni mwa kigumba, nyuma ya bapa, kisha huzungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi isikauke. Bapa lenyewe hubaki safi, na alama husomeka.

Mnyama mkubwa haanguki papo hapo. Wano (mti wa mshale) huchomoka na kudondoka vichakani, kigumba husalia nyamani, naye mnyama hukimbia mwendo mrefu kabla ya kufa, pengine mbele ya macho ya watu wengine kabisa. Pembe za ndovu zilikuwa mali ya kugombaniwa: katika karne ya 19 Kivoi wa Kitui, mwenyeji wa mmisionari Krapf mwaka 1849, alitajirika kwa misafara ya pembe kwenda Mombasa. Kigumba kilichopasuliwa kutoka kwenye mzoga kilikuwa shahidi asiyehongeka wa nani aliyempiga mnyama.

Kilisema pia pale mtu alipouawa. Fidia ya damu ililipwa na ukoo mzima, hivyo kuitambua mbai ya mshale kulikuwa kuwatambua wadaiwa.

Madai ya windo hayana nafasi tena kisheria: uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977.

Bunduki

Siku hizi ni bunduki zinazotiwa alama: Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inadai kila silaha ndogo iwe na alama, na taasisi ya kikanda ya RECSA, yenye makao Nairobi, imezigawia nchi wanachama mashine zinazogonga nukta ndogondogo kwenye chuma. Zinaandika nchi na namba. Mbai haimo.