Mafundi wa Palermo

Ibn Hawqal, msafiri kutoka upande wa Baghdad, alifika Palermo mwaka 973 akakuta misikiti zaidi ya 300. Waislamu kutoka Afrika Kaskazini walikuwa wameuteka mji huo mkuu wa Sicily mwaka 831, wakiwanyang'anya Wabizanti. Mgeni huyo hakuwapenda wenyeji. Aliandika kwamba vitunguu vibichi, walivyokula kutwa, viliwaharibu akili. Hata hivyo ni yeye aliyetuachia habari za masoko yao: wauza mafuta, wabadili fedha, wachinjaji.

Wanormani waliutwaa mji mwaka 1072. Walikuwa Wakristo, tena watu wa vita, lakini waliwaacha kazini mafundi, makarani na wakulima waliowakuta. Roger II, aliyetawazwa kuwa mfalme mwaka 1130, alijenga ndani ya ikulu yake kanisa linaloitwa Cappella Palatina. Kuta zake zimejaa mozaiki za dhahabu za mtindo wa Kigiriki. Inua macho: dari ni ya mbao, imechongwa kwa vishubaka vinavyoning'inia kama masega ya asali, na juu yake wamechorwa wapiga ala, wanywaji na ngamia, pamoja na maandishi ya Kiarabu ya kumtakia heri mfalme. Kwangu hakuna dari nyingine Italia inayoifikia hiyo, na nasema hivyo nikikumbuka ile ya Michelangelo kule Roma.

Mfalme huyohuyo alimweka barazani al-Idrisi, mwanajiografia aliyemaliza kitabu chake kikubwa mwaka 1154. Malindi na Mombasa zimetajwa humo. Kimetajwa pia kijiji cha Trabia, karibu na Palermo, ambako tambi kavu zilitengenezwa kwa wingi na kupakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Marco Polo, anayesingiziwa kuzileta Italia kutoka China, alizaliwa miaka 100 baadaye!

Ibn Jubayr, msafiri mwingine aliyepita Palermo wakati wa Krismasi ya 1184, aliwaona wanawake wa Kikristo wakienda kanisani wamejitanda shela na kupaka hina kama Waislamu. Tusidhani lakini kwamba walioshindwa waliishi raha mustarehe. Huyohuyo alisikia vilio vya Waislamu waliobanwa wabadili dini. Katika karne ya 13, Frederick II, mjukuu wa Roger, alizima maasi yao kisha akawahamishia kwa nguvu Lucera, Italia bara. Mwaka 1300 makazi hayo nayo yakavunjwa, wengi wakauzwa utumwani.

Ladha zao hazikuhamishwa. Miwa, malimau na machungwa machungu vilienea kisiwani kwa mifereji ya umwagiliaji waliyoichimba. Trapani, magharibi ya kisiwa, watu wanapika kuskusi kwa mchuzi wa samaki mpaka leo. Katika soko la Ballarò, Palermo, bilinganya zimerundikwa mezani, na wachuuzi wanakaanga panelle, vipande vyembamba vya unga wa dengu vinavyoliwa ndani ya mkate.

Kwa muda mrefu majengo kama kanisa lile la Roger yaliitwa ya Kinormani tu, sifa zikaenda kwa waliotoa fedha. Mwaka 2015 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia kwa jina la Palermo ya Kiarabu na Kinormani. Jina hilo ndilo la haki.