Pole na samahani: maneno mawili yanayokutana vibaya mtandaoni

Pole (kihisishi, wingi: poleni) ni neno la kumliwaza aliyepatwa na jambo la kuumiza, kusikitisha au kuchosha: ugonjwa, msiba, safari ndefu, hata siku ya kazi iliyokwenda salama. Anayelitamka hakiri kosa lolote. Hapo ndipo linapoachana na samahani, neno lenye asili ya Kiarabu na lenye nasaba moja na kitenzi samehe, ambalo kwalo msemaji hujiombea msamaha.

Kiingereza hulibebesha neno moja, "sorry", kazi zote mbili, na programu za tafsiri mara nyingi hufuata njia hiyo hiyo. Ana kwa ana, uso na sauti hufidia upungufu. Katika ujumbe wa simu hubaki neno tupu. Mtu wa Dodoma anapoarifiwa na rafiki yake wa Uingereza kwamba amejikwaa ngazini, humwandikia "Sorry!" kwa moyo mweupe, akapata jibu la mshangao: kwani wewe ulikuwepo? Vivyo hivyo, "Pole na kazi" aliyotumiwa meneja mgeni jioni inaweza kumfanya aifungue upya ripoti ya siku hiyo akitafuta kasoro anayoombwa radhi. Mnigeria msemaji wa Kiyoruba asingeshangaa, kwa kuwa lugha yake ina pẹ̀lẹ́, lenye matumizi yanayokaribiana sana na ya pole. (Kufanana huko kwa sauti peke yake hakuthibitishi kwamba maneno hayo ni ndugu.)

Kosa la upande wa pili ni zito zaidi. Mgeni anayejifunza Kiswahili, akiwa na kamusi inayoyaweka maneno yote mawili chini ya "sorry", huchagua mojawapo kwa kubahatisha. Hivyo familia iliyofiwa hupokea ujumbe huu: "Samahani kwa kifo cha baba yenu." Aliyekusudia rambirambi ameandika kitu kinachosomeka kama ungamo la muuaji. Wapo watakaocheka, lakini si kila matanga yana nafasi ya kicheko. Kilichotakiwa ni "Poleni kwa msiba" au "Poleni sana kwa kufiwa".

Muuzaji wa mtandaoni naye, akishatuma viatu vya saizi isiyo sahihi, huandika "Pole sana" na kuona ameomba radhi. Mteja wa Mombasa au Tanga husoma vingine: mtu huyu ananiliwaza kwa jeraha alilonitia mwenyewe. Pole peke yake haitoshi pale msemaji anapokuwa ndiye chanzo cha madhara. Msemaji mzoefu huyaunganisha maneno yote mawili, akitanguliza la kukiri: "Samahani, kosa ni letu, pole kwa usumbufu." Kumradhi na niwie radhi hufaa pia mahali pa samahani, hasa katika barua rasmi.

Jibu la pole ni asante au, hasa Tanzania, nimeshapoa, kutokana na kitenzi poa chenye maana ya kupungua joto na pia kupona. Likipitishwa katika programu ya tafsiri, jibu hili huweza kutoka kama tangazo kwamba mhusika sasa ametulia. Mgeni huanza kujiuliza ni lini alimkasirisha, na pengine huandika tena: "Pole."